Wasomaji wanauliza: Cassandra kanikataa, nimekosea wapi?

Barua za safari hii karibu zote ni za gemu zenye stori, na karibu zote zinauliza mapenzi ya humo ndani, nani anaweza kuwa na nani, na imekuwaje siku hizi kuna wahusika wa kiume wanaopenda wanaume na wa kike wanaopenda wanawake. Nimechukua tano. Majina nimeyatoa yote, hata ya walionipa ruhusa. Halafu ujue nimesimulia mpaka miisho, kama kuna gemu hujaimaliza ruka barua hiyo utarudi baadaye.

*

Dada mambo vipi, mi ni chalii wa Sakina hapa Arusha. Nacheza Dragon Age: Inquisition kwenye PS4 ya bro, nimetengeneza mhusika mwanamke af nikawa namchombeza Cassandra kila nikipata nafasi, kila jibu lenye alama ya moyo nabonyeza. Juzi kanisimamisha akaniambia kwa upole kabisa kwamba hapana, haiwezekani, mi mwanamke mwenzake. Nimebaki mdomo wazi aisee. Mbona kwenye Baldur's Gate 3 nilikuwa na mwanamke vilevile na Shadowheart alinikubali? Hii ni bagi, yaani gemu imekosea, au kuna jibu nilikosea? Nianze upya?

Poa kaka. Si bagi, na hakuna jibu ulilokosea, ungeanza upya hata mara kumi angekukataa mara kumi. Cassandra anapenda wanaume tu, waandishi wake wamemuumba hivyo. Ile alama ya moyo inakwambia kwamba hapa unatongoza, basi, haikuahidi kwamba utakubaliwa.

Hiyo gemu ya BioWare ya Kanada ilitoka 2014 na kila mtu mle ana moyo wake. Dorian ni wanaume tu. Sera ni wanawake tu. Josephine na Iron Bull wako tayari kwa yeyote, wakati Solas hata ukiwa mwanamke hakutaki mpaka uwe wa kabila lake la masikio marefu. Sasa Baldur's Gate 3 ya Larian, wale wa Ubelgiji, iliyotoka 2023 na kuchukua gemu bora ya mwaka kwenye The Game Awards, wamekwenda njia nyingine, wenzako wa safari kina Astarion, Gale, Karlach, Wyll, Lae'zel na Shadowheart hawaangalii wewe ni mwanaume au mwanamke, wanaangalia unavyoishi nao na maamuzi yako. BioWare wenyewe walishafanya karibu hivyo kwenye Dragon Age II mwaka 2011, wapenzi wanne wanaomkubali Hawke, yaani mhusika unayemchezesha, wa jinsia yoyote.

Watu wananiuliza mi nipo upande gani na leo nasema. Naipenda ile njia ya mlango wazi, kuna mtu yuko Ngarenaro au Unga Limited ambaye hajawahi hata siku moja kuulizwa yeye anampenda nani, af gemu inamuuliza, na jibu lolote atakalotoa linapokelewa. Hicho si kitu kidogo. Ila mlango ukiwa wazi kwa wote basi yote yanabaki mikononi kwa mchezaji, asipochagua hakuna kilichotokea, anaweza kumaliza masaa mia moja na asijue kama kulikuwa na mapenzi ya aina hiyo mle ndani. Larian nawapa haki yao, waliliona hilo, ndo maana kuna Dame Aylin na Isobel, wanawake wawili wapenzi ambao wapo pale utake usitake, wewe unawakuta tu na penzi lao limeanza zamani sana kabla hujafika.

Waliokwama ni Ubisoft. Assassin's Creed Odyssey ya 2018 ilikuachia uwe na mtu yeyote, watu wakacheza na Kassandra, mhusika mkuu wa humo (si Cassandra wako), miezi wakijua kabisa yeye ni wa wanawake tu, af Januari 2019 ikaja sehemu ya nyongeza inayomlazimisha aanzishe familia na mwanaume wazae mtoto. Watu waliumia kweli, ikabidi studio iombe radhi na kubadilisha ile sehemu. Unaona tatizo lilipo, Kassandra hakuwahi kuandikwa na moyo wake mwenyewe, ulikuwa ni moyo wa kuazimwa na mchezaji, sasa mwandishi mwingine alipokuja hakukuta kitu cha kuheshimu.

Dorian huwezi kumfanyia hivyo. Ukienda naye kijiji cha Redcliffe anadhani anakutana na mtumishi wa nyumbani kwao, anaingia kwenye ile baa anamkuta baba yake, na hapo ndo yanatoka, kwamba baba alikuwa tayari kutumia uchawi wa damu amgeuze mwanae apende wanawake, na kinachomuuma Dorian zaidi ni kwamba huyohuyo baba ndiye aliyemfundisha kuchukia uchawi wa damu. Aliyemwandika ni David Gaider, ambaye mwenyewe ni mwanaume anayependa wanaume na hafichi, na ukisikiliza yale maneno unajua hayakutungwa na mtu anayekisia.

Mi niliiona hiyo sehemu kwa kaka yangu Kijenge, umeme ulikuwa umerudi usiku, tupo watu watano sebuleni na wanne kati yao walikuwa wanasubiri zamu yao ya kucheza mpira. Hakuna aliyemtongoza Dorian pale, kaka yangu alikuwa na mhusika wake na mambo yake mengine kabisa. Lakini stori ilifika yenyewe, na chumba kizima kikanyamaza, na mmoja ambaye namjua maneno yake kuhusu watu hawa akasema taratibu, sasa huyu mzee anataka nini kwa mtoto wake. Hakusema zaidi ya hapo, na mimi sikumuuliza.

Kwa hiyo nikikwambia Cassandra kukukataa ni kitu kizuri namaanisha. Mapenzi hayalazimishwi, na mtu asiyeweza kukwambia hapana basi hata ndiyo yake haina uzito. Usianze upya. Baki rafiki yake, na mtafute Varric, mwenzenu ambaye ni mwandishi wa vitabu, amwandikie ule mwendelezo wa hadithi ya mapenzi anayoisoma kwa kujificha, utamwona Cassandra ambaye hujamwona. Na kama unataka mtu, Josephine yupo, ana mchumba aliyepangiwa na familia na itabidi umpiganie kwa upanga mbele za watu, au Sera kama unapenda mtu asiyetulia.

*

Habari mwanangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Rau, Moshi. Kijana wangu wa pili ana miaka 17, yuko likizo. Nimemkuta usiku na laptopu anacheza kitu kinaitwa Life is Strange, wasichana wawili wanabusiana. Nikamuuliza hiki ni nini, akaniambia mama hapo ni mimi nimechagua wabusiane. Usiku ule sikulala. Sisi ni watu wa kanisa. Naomba uniambie ukweli, hii gemu inamharibu mwanangu? Niifute?

Shikamoo mama. Ukweli nitakupa, ila nianze na kijana wako, alikutazama akakujibu kilekile kilichotokea. Miaka 17, usiku, mama amesimama mlangoni. Angeweza kusema sijui limetokea lenyewe.

Gemu yenyewe ni ya 2015, imetengenezwa na Dontnod wa Ufaransa, ina sehemu tano. Kuna binti anaitwa Max anasomea upigaji picha, siku moja anagundua anaweza kurudisha muda nyuma, kwa hiyo akikosea neno anarudi analisema vizuri. Rafiki yake wa utotoni ni Chloe. Kwenye sehemu ya tatu Chloe anamchokoza Max, nibusu basi kama unaweza, na mchezaji anaamua. Hakuna zaidi ya hapo, ni sekunde chache. Kijana kuchagua busu hakukwambii chochote kuhusu yeye ni nani, wengi wanachagua ili waone Chloe atafanya nini, na sijaona mtu aliyepewa na gemu moyo ambao hakuwa nao. Kama kuna kitu kijana anakibeba basi alikuwa nacho kabla ya laptopu, na hapo ndo atamhitaji mama kuliko siku zote.

Lakini mama busu silo kubwa mle ndani. Sehemu ya pili kuna binti anaitwa Kate, mcha Mungu kweli, anasali, shuleni wamesambaza video yake ya aibu na wanamcheka kila anapopita. Anapanda juu ya paa la bweni ajirushe. Na hapo, kwa mara ya kwanza, ile nguvu ya Max ya kurudisha muda inakatika, hakuna kusahihisha. Kinachomwokoa Kate ni kama mchezaji alimsikiliza huko nyuma, kama alipokea simu yake, kama aliingia chumbani kwake akaona vitu vyake, akajua nani nyumbani kwao anampenda, na mstari gani wa Biblia anaushika. Aliyekuwa anakimbiza stori bila kumjali Kate mara nyingi anampoteza, na gemu inaendelea bila yeye.

Kwa hiyo usiifute. Ukifuta ataicheza kwa rafiki yake huko Majengo na safari nyingine ukimuuliza hatakujibu. Umri wenyewe Ulaya wameiwekea kuanzia 16 na Marekani 17, hajavuka mpaka, ila kwa ajili ya ile habari ya Kate nisingependa awe anaimaliza peke yake usiku. Kaa naye. Chemsha chai, mwambie akuonyeshe, af muulize swali moja tu, Kate ulimwokoa? Msikilize atakavyojibu.

*

Anti, me sina PS wala kompyuta, nina simu tu, tena ya kawaida. Kuna gemu yoyote ya stori na mapenzi naweza cheza, ambayo mwanamke anaweza oa mwanamke? Wa Kiborloni.

Stardew Valley, mdogo wangu. Kaitengeneza mtu mmoja, Eric Barone, miaka zaidi ya minne yuko peke yake kwenye picha, muziki, kila kitu, ikatoka 2016 na kwenye simu za Android ikaingia 2019. Unalipa mara moja basi. Unarithi shamba la babu, unalima, unafuga, unavua samaki, na kijijini kuna watu 12 unaoweza kufunga nao ndoa, uwe nani na wao wawe nani hakuna anayekuuliza. Unampa mtu zawadi anazopenda mpaka mioyo inafika minane, unampelekea shada la maua, ikifika kumi unatafuta ile kidani ya ndoa kwa baharia mzee anayetokea ufukweni siku za mvua tu, uwe na 5,000 za humo ndani na daraja uwe umelitengeneza. Mkiwa wanawake wawili mtoto mnamuasili. Jaribu Leah kwanza, anakaa kibanda chake karibu na mto, anachonga sanamu. Ukilima parachichi vibaya usiniulize, humo hakuna parachichi.

*

Mi nipo Njiro, nacheza sana na nina hasira. Kila nikimpata mhusika anayependa wa jinsia yake, nikampenda, anakufa au mpenzi wake keshakufa. Ni bahati mbaya au wanafanya makusudi?

Si bahati mbaya, na hasira yako ina haki. Hebu tuhesabu tu zile zinazonijia haraka. The Last of Us ya 2013, Bill anamkuta mwenzake Frank kajinyonga na kaacha barua ya kumlaani. Mwaka uliofuata ikaja nyongeza yake, Left Behind, na Riley, msichana anayebusiana na Ellie wa gemu hiyohiyo, anang'atwa na walioambukizwa. Mass Effect 3 ya 2012, tunapewa rubani Steve Cortez, mwanaume mwenye mume, ila tunakutana naye mume keshachukuliwa na Collectors, viumbe wanaoteka watu, na kazi yetu ni kumkuta anasikiliza sauti yake ya mwisho iliyorekodiwa. Life is Strange ukichagua kuuokoa mji, anayekufa ni Chloe.

Mi sidhani kama mwandishi anakaa chini akasema hawa niwaue. Nadhani ni hivi, ukiwa na mtu mmoja tu wa aina hiyo kwenye gemu nzima, na unataka mchezaji aone uzito wake, njia rahisi ni msiba, msiba hauhitaji kuelezwa, hata asiyemwelewa anaelewa kilio. Tatizo ni kwamba huyo mmoja akifa wamekwisha wote. Ukiwa nao sita, akifa mmoja ni kifo kama vifo vingine. Dawa siyo wasife kamwe, dawa ni wawe wengi mpaka kifo cha mmoja kisiwe hukumu ya wote.

Na Cortez nataka nimtetee kidogo. Ukimkuta Citadel, kile kituo cha angani, pale kwenye ukuta wa kumbukumbu ukasimama naye amlilie mumewe, anapona, si kwa haraka lakini anapona, na unaweza kuwa rafiki tu, si lazima umtongoze. Ukimpuuza, vita ya mwisho chombo chake kikipigwa hatoki. Yaani waandishi wamefanya uhai wake utegemee kama kuna mtu alimpa pole. Mi nililia mara ya kwanza na nililia mara ya pili.

Ukitaka kupumua cheza Hades ya 2020. Wapo kuzimu kwa hiyo wote wameshakufa, ila Achilles na Patroclus wametenganishwa, mmoja analinda nyumba mwingine kakaa peke yake Elysium, sehemu nyingine ya kuzimu, kakata tamaa, na wewe unapeleka maneno huku na huku mpaka mkataba wa Achilles unabadilishwa wanaonana. Siku ukiwakuta wamesimama pamoja utasimama na wewe. Au Undertale ya 2015, ukicheza bila kuua mtu Undyne na Alphys wanapatana, unasaidia kupeleka barua ya mapenzi. Na Life is Strange: True Colors ya 2021, msiba upo, kaka yake Alex, binti unayemchezesha, anakufa mapema sana, ila Steph, msichana unayeweza kuwa naye, anabaki hai mwanzo mpaka mwisho na ukimchagua mnaweza kuondoka wote.

*

Anti, niko Moshi, zaidi ya hapo sisemi. Ni msichana, nina miaka 22. Nimemaliza The Last of Us Part II na ile sehemu ya mwisho, Joel, yule mzee aliye kama baba kwa Ellie, yuko kibarazani na kikombe cha kahawa, anamuuliza Ellie kuhusu Dina, nimeirudia sijui mara ngapi. Baba yangu naye hukaa kibarazani jioni na kahawa yake, anaangalia migomba. Sijawahi kumwambia mtu yeyote kitu ninachotaka kumwambia yeye. Gemu imenifanya nitake kusema. Nifanyeje?

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma nikaifuta, ilipo sasa ni hapa tu na hapa haina jina.

Ile sehemu naijua. Usiku wake kulikuwa na dansi, Ellie na Dina wamecheza wakabusiana mbele ya watu, mzee mmoja kawatukana na Joel kamsukuma, Ellie badala ya kushukuru kamkasirikia. Af ndo kibarazani. Ellie anajitetea kwamba ni busu tu, haina maana, na Joel anamkatisha, anasema huyo binti nia yake mi siijui, ila atakuwa na bahati sana kukupata. Huyu ni mzee aliyeua watu wengi, hana maneno mazuri, na hilo ndilo alilotoa. Na sikiliza, pale hukubonyeza kitu. Hakukuwa na majibu matatu ya kuchagua. Joel angesema vile kwa mchezaji yeyote, hata kwa yule aliyekuja kupiga risasi tu. Nadhani ndo maana limekuingia hivyo, hukulitengeneza wewe ili ujifariji, ulipewa.

Sasa kuhusu baba yako. Joel ni mmoja na yule baba wa Dorian ni mwingine, na mimi sijui wako ni yupi, pengine hata wewe hujui. Sheria ya nchi yetu kwenye jambo hili ni kali mno, majirani wana midomo, na neno likishatoka kibarazani hatuna uwezo wa Max wa kulirudisha. Kama ada yako, kitanda chako na sahani yako vyote viko kwenye nyumba ile, mi ningesubiri. Kusubiri siyo uongo. Dorian alipokutana na baba yake pale Redcliffe alikuwa na watu upande wake na alikuwa na mahali pa kurudi, na hata hivyo alitetemeka.

Tafuta mmoja kwanza, si lazima awe wa nyumbani, mtu ambaye umeshamwona akiisikia siri ya mwingine na haikutoka. Usimwambie kwa simu wala kwa meseji, meseji zinapigwa picha. Na usiku ukikuzidia, ukaanza kufikiria paa kama Kate, nenda hospitali uombe mshauri wa mambo ya akili, mwambie kwamba hutaki kuishi, hilo linatosha, sababu si lazima uitaje siku hiyo.

Kwa sasa baba akitoka na kikombe chake jioni toka na wewe na chako, kaa. Muulize kahawa ya mwaka huu imekuwaje. Mjue ni mtu wa namna gani akizungumzia watoto wa wenzake waliokosana na wazazi wao, hapo utasikia mengi bila kusema lako.

Na uniandikie tena, hata kama huna swali.